Yule bingwa wa tiketi kaniambia "barabara ni ileile" mbele ya watu!

Wakuu, nimekasirika mpaka simu inatetemeka mkononi. Simtaji, mnamjua wote. Yuleyule anayejibu kabla hujamaliza kuuliza.

Nimemuuliza kistaarabu kabisa kwenye kundi: Tokyo hadi Los Angeles ni masaa mangapi, na kurudi je? Ni kama kilometa 8,800. Akagawanya kwa 900, akaandika: "Kumi kwenda, kumi kurudi." Nikamwambia kurudi Tokyo hukaribia masaa 12 kwa sababu ya upepo. Akajibu nini? "Barabara ni ileile." Na vikaragosi vya kucheka vya kujaza kioo kizima!

BARABARA! Barabara gani hiyo, mita 10,000 juu ya Pasifiki? Ina matuta? Ina trafiki? Kule juu kuna upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, wakati mwingine zaidi ya kilometa 200 kwa saa. Kwenda Los Angeles unakusukuma, kurudi unakupiga usoni. Ratiba za ndege zote zinaonyesha hivyo. Na kuna watu wanapanga ndege ya kuunganisha kwa hesabu zake!

"Barabara ni ileile." Mtu mzima na akili zake.

Mkaa Dirishani: Mkuu, huo upepo umekuingia wewe. Kunywa maji kwanza 😂

Kasi ya Mshale: Mimi aliniambia Helsinki–Tokyo masaa tisa na nusu. Hiyo ni kabla ya 2022, ndege zilipokuwa zinakatiza anga la Urusi! Siku hizi zinazunguka, ni kama masaa 13. Nilikaa mle ndani mpaka ndevu zikaota upya.

Asiyelala: Uzi wote huu kwa masaa mawili tu?

Mleta uzi: Siyo masaa mawili! Ni BARABARA NI ILEILE! Mbele ya kundi zima!

Bibi Mizigo: Afadhali wewe. Tiketi yangu iliandika kuondoka Tokyo saa 11 jioni, kufika Los Angeles saa 5 asubuhi, tarehe ileile. Nikampigia, akasema "kosa la uchapaji". Kosa la uchapaji! Pale unavuka mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambapo ukienda mashariki tarehe inarudi nyuma siku moja, na kila mji unaandikiwa saa zake!

Asiyelala: Kwa hiyo unafika kabla hujaondoka? Basi na nauli wakurudishie.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada. Barabara…

Kasi ya Mshale: Mada ni hii: anayelaza kiti masaa 13 mfululizo juu ya magoti yangu, tumfanyeje?

Bibi Mizigo: Bora wa kiti. Mie jirani alivua viatu kabla ndege haijaacha ardhi.

Mkaa Dirishani: Na soksi?

Bibi Mizigo: Na soksi.