Miezi saba nangoja betri kubwa, leo naambiwa "safari zako ni Kongowea na kurudi"!

Babake Salma
Nimeingia nyumbani dakika hii, viatu sijavua, naandika nimesimama mlangoni. Mnamjua huyo muuza magari ya umeme. Jina simtaji lakini nyote mnamjua: miwani ya jua ndani ya nyumba, simu tatu mezani, na kabla hujalipa dipoziti wewe ni "bosi wangu", ukishalipa wageuka "mzee". Huyo huyo.

Leo, mbele ya mwanangu, mbele ya mama mkwe niliyemchukua kwa heshima zake zote akaone kiti atakachokalia, mbele ya mvulana wa kuleta maji, mtu yule kanitazama toka utosini mpaka kwenye makubadhi, kanambia: "Mzee, safari zako wewe ni Kongowea na kurudi. Betri kubwa utaipeleka wapi?"

Kongowea na kurudi! Soko la hapa hapa mjini! Mbele ya mama mkwe!

Gari ile ya umeme yaja kwa namna mbili, ya betri ndogo ya kWh 45 na ya betri kubwa ya kWh 60. Mimi tangu siku ya kwanza nilisema 60. Niliandika 60 kwa mkono wangu, nikapiga mstari chini yake. Nilitoa laki tatu mwanzo wa Rajabu, akasema Ramadhani haitatukuta. Ramadhani ikatukuta, tukafunga, ikesha. Akasema baada ya Idi. Idi tukasali, biriani tukala. Akasema Idi ya mfungo tatu. Hiyo nayo tumechinja, nyama imekwisha, ngozi imekauka, leo tuko mfungo nne naambiwa meli imekwama Bahari ya Shamu.

Mimi mtu wa Mombasa! Mimi wa kudanganywa kwa meli! Kila jioni niko Mama Ngina na mihogo yangu ya pilipili na ndimu, meli zikiingia Kilindini zapita karibu hadi waona mabaharia wameanika fulana zao. Meli ya magari haifichiki, ni sanduku refu kama ghala linaloelea, halina madirisha. Miezi saba nazisimamia kama mtu anayepokea mahujaji. Muuza mihogo sasa akiiona moja mlangoni mwa bahari anipigia simu: "Babake Salma, njoo, labda hii ni yako."

Halafu leo mtu ala sambusa mbele yangu, na mkono wake wa mafuta aupangusia wapi? Kwenye karatasi yangu ya dipoziti. Ninayo hapa. Doa limekaa juu ya jina langu, limelilowesha hadi waona meza upande wa pili. Na wakati apangusa ndipo aliposema. Hakuniangalia hata usoni mara ya pili. Kongowea na kurudi.

Ile ndogo anayo, iko pale yadini, rangi ya manjano. Ataka niichukue leo leo. Mimi nauza leso Biashara Street, kila wiki mzigo wangu wenda Malindi, mamangu mzazi yuko Malindi, Voi nina wateja. Kongowea nitaifuata nini kila siku, mimi nauza nazi?

Nichukue ile ya manjano au nikae ningoje? Semeni. Ila mama mkwe tangu tutoke pale hajasema neno. Garini kimya. Nyumbani kimya. Aliposhuka alisema tu, "Haya baba, Kongowea nako ni safari."

Mla Viazi Karai
Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza nani kafa. KONGOWEA NA KURUDI! Kuanzia leo hilo ndilo jina lako humu ndani, Babake Salma tumemzika.

Bi Kizingo
Msimcheke baba wa watu. Mtu huyo namjua vizuri sana. Mimi aliniuliza kama mume wangu anajua niko pale. Nina miaka 52, naendesha gari tangu yeye hajaota meno. Nilimwambia mume wangu alifariki. Akasema, "Pole, basi nani atalipa?"

Mtu wa Mtwapa
Bi Kizingo huyo alikuuliza hivyo kweli???

Bi Kizingo
Wallahi. Na alikuwa akila. Yule hula wakati wote.

Fundi Waya
Mimi ni fundi stima, nisomeni polepole. Babake Salma ana haki na nitamtetea kwa hesabu.

Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120, kwenda na kurudi 240. Gari ya namna ile, barabara kuu, mwendo wa 90 au 100, kipoza hewa kimewashwa maana joto letu mwalijua, weka yuniti 16, yaani kWh 16, kwa kila kilomita 100. Hizo ni yuniti 38 na kitu. Kwenye betri ya 45 umebaki na sita. Umefika Mtwapa wasoma Ayatul Kursiyyu, na ukikuta foleni ushalala hapo. Kwenye betri ya 60 warudi na yuniti 21, wafika Tudor, wampitisha mama mkwe kwa shangazi yake, walala bila wasiwasi.

Na hiyo "kilomita 400" anayowaambia watu ya ile ndogo ni kipimo cha kwao China, CLTC. Kipimo hicho wastani wa mwendo wake haufiki kilomita 30 kwa saa. Nani aenda Malindi kwa kilomita 30 kwa saa? Punda. Kata robo yake ndipo uanze kuongea.

Ukitaka Nairobi ndiyo kabisa. Si zile kilomita 480 peke yake, ni mlima. Waanza usawa wa bahari waishia zaidi ya mita 1,600. Kuipandisha gari ya karibu tani mbili huko juu, ule mwinuko peke yake wakula yuniti saba au nane. Kurudi ndiyo raha, gari yajichaji ikiteremka.

Babake Salma
Ahsante Fundi. Umeona? Yuniti sita! Mtu ataka mamangu azimikiwe Mtwapa saa nne za usiku, halafu asema Kongowea na kurudi.

Mtu wa Mtwapa
Mtwapa tumewakosea nini? Azimikiwe kwenu huko Tudor.

Haya nami niseme langu. Chukua ile ya manjano. Kungoja gari ni maradhi. Ile ya 60 ikija utasikia kuna ya 70, ya 70 ikija kuna ya viti vya ngozi. Wewe Septemba 2023 petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita ulikuwa wapi? Ulikuwa kwenye foleni ya mafuta kama sisi, walia kama sisi. Kila tarehe 14 bei mpya yatangazwa na moyo wakuruka. Miezi saba uliyongoja umechoma petroli ya kiasi gani? Malindi waenda mara moja kwa wiki, siku sita zilizobaki uko wapi? Sema ukweli. Biashara Street, Tudor, Marikiti, na jioni Mama Ngina kuangalia meli. Hiyo betri ndogo haitashuka hata nusu.

Mla Viazi Karai
Kwa hivyo muuza gari alisema kweli 😂😂

Babake Salma
Hakusema kweli! Hata kama ingekuwa kweli, huambiwi hivyo mbele ya mama mkwe! Mtu alichukua laki tatu zangu akijua nataka 60. Asingesema Rajabu kwamba safari zangu ni Kongowea? Kwa nini aseme mfungo nne? Na sambusa mkononi?

Baharia Mstaafu
Subirini kidogo, mmelipita jambo kubwa. Kasema meli imekwama BAHARI YA SHAMU? Gari yatoka China. Meli ya China kuja Mombasa yapita Singapore, yavuka Bahari ya Hindi, yaingia Kilindini. Bahari ya Shamu iko kule juu, njia ya kwenda Suez. Meli yako ilikwenda kufanya nini kule, umra? Nimekula chumvi ya bahari hiyo miaka 31, sijaona uongo uliopotea njia namna hii.

Bi Kizingo
Umra!! Baharia umeniua.

Babake Salma
Nimesoma hapo nimekaa chini. Miezi yote nimemuombea dua nahodha.

Ghorofa ya Nne
Nyinyi mwagombania betri, mna mahali pa kuchaji? Mimi gari ninayo, ni mtumba wa Japani, na nina shida na mwenye nyumba ambaye nyote mnamjua. Nakaa ghorofa ya nne. Nimevuta waya kutoka dirisha la jikoni mpaka chini, mita 25, waya mnene wa halali, si zile nyuzi za taa za harusi. Tokeni za stima nanunua mwenyewe. Juzi nimeamka alfajiri nikakuta waya umekatwa. UMEKATWA kwa kisu, na ile nusu ya chini watu wameanikia kanzu. Nilipomuuliza akasema gari yangu yafanya majirani wakose usingizi. Gari ya umeme! Isiyo na sauti! Jenereta lake yeye languruma mpaka vyombo vyacheza kabatini.

Fundi Waya
Pole sana, lakini mita 25 kutoka soketi ya pini tatu si mchezo. Soketi ya kawaida yakupa yuniti mbili na nusu kwa saa, betri ya 60 ikiwa tupu ni mchana na usiku mzima. Wataka chaja ya ukutani ya kW 7 na fundi mwenye leseni. Na ombeni mita ya peke yake, tangu Aprili 2023 iko bei ya stima ya magari ya umeme, ilianza kwa shilingi 16 kwa yuniti kabla ya kodi na usiku wa manane ikishuka hadi 8.

Ghorofa ya Nne
Nitaomba mita na waya wangu wanikatia? Nani atanilipa waya?

Mwana wa Majengo
Mwenye nyumba huyo ana meno mawili ya dhahabu? Kama ndiye, alinikatia maji nikiwa na sabuni machoni.

Ghorofa ya Nne
NDIYE.

Mwana wa Majengo
Subhanallah. Nilitoka na taulo mpaka kwa jirani. Mwaka wa pili huu watoto wa mtaa wananiita Povu.

Dereva wa Tuktuk
Na sie wa tuktuk nani atatusemea? Niliuziwa ya umeme nikaambiwa yatembea siku nzima. Saa saba mchana imekufa Kibokoni, abiria wanne ndani, mmoja ana kuku. Nimeisukuma mpaka Makadara, jua la utosi, wale abiria hawakushuka hata mmoja!

Bi Kizingo
Hata mwenye kuku hakushuka?

Dereva wa Tuktuk
Ndiye aliyekuwa akiniambia niongeze mwendo.

Babake Salma
Jamani, uzi ni wangu. Nichukue ile ya manjano au ningoje? Kesho ndiyo mwisho, amesema yuko mwingine aitaka.

Mtu wa Mtwapa
Hakuna mwingine. Ile ya manjano iko pale tangu kabla ya Ramadhani, naiona kila nikipita. Kunguru wamejenga uhusiano nayo.

Fundi Waya
Dai laki tatu zako kwanza, kwa maandishi. Mengine baadaye. Na karatasi usiifute hilo doa.

Mwana wa Majengo
Ghorofa ya Nne, nitumie ujumbe faraghani. Tuko wapangaji watatu sasa, twaenda kumuona mzee wa mtaa Jumamosi baada ya laasiri. Njoo na kile kipande cha waya.

Ghorofa ya Nne
Nakuja nacho. Na kanzu moja niliyoikuta juu yake, nimeishika, mwenyewe hajajitokeza.

Mla Viazi Karai
Kanzu ya rangi gani? Maana yangu siioni tangu juzi.

Bi Kizingo
Stima imekwenda Kizingo. Kwenu vipi?

Dereva wa Tuktuk
Majengo pia giza. Na tuktuk ilikuwa kwenye chaji, sijui kesho nitatokaje.

Babake Salma
Tudor iko.

Dereva wa Tuktuk
Nakuja, acha geti wazi.