Modeli inapata 97 kwenye kupima lakini video zangu inakosea, tatizo nini?

mwanafunzi_wa_data: Habari zenu wakuu. Niko kwenye ujifunzaji wa kina, nataka modeli itambue mtu anafanya nini kwenye video. Natumia UCF101, ile seti ya video za vitendo aina 101, nimechukua CNN (mtandao wa kusoma picha) iliyofundishwa kwa picha nikaweka LSTM (mtandao wa kufuata mfuatano) juu yake, kila klipu natoa fremu, yaani picha moja moja za video, 16 za mwanzo. Klipu zote nikazichanganya, asilimia 80 za kufundishia 20 za kupimia, nikapata usahihi wa asilimia 97. Jana nimejirekodi napiga pushapu sebuleni, inasema napiga deki. Nimeongeza epoki (mizunguko ya kufundisha), nimepunguza lening reti (ukubwa wa hatua za kujifunza), wapi. Naombeni msaada jamani.

fremu_kwa_fremu: Hapo kwenye kuchanganya ndipo ulipoharibikiwa ndugu. Angalia jina la faili, mfano v_PushUps_g01_c02, hiyo g ni kundi na c ni klipu. Kila kitendo kina makundi 25, kila kundi klipu 4 hadi 7, na klipu za kundi moja zinafanana mno, pembe ya kamera ileile, ukuta uleule. Sasa c02 ukiipeleka kufundishia na c03 kupimia, modeli inakumbuka ukuta tu, pushapu haijui hata kidogo. Seti inakuja na orodha za trainlist01 ya kufundishia na testlist01 ya kupimia, makundi yameshatenganishwa, tumia hizo.

Mama_Tensa: Naunga mkono, na nyongeza: hata ukigawa vizuri, vitendo vingi vya UCF101 vinajulikana kwa mandhari peke yake, ukiona bwawa unajua ni kuogelea bila kuangalia mkono. Jipime hivi, vuruga mpangilio wa fremu kisha pima tena, kama alama hazishuki basi modeli yako haioni mwendo kabisa. Kufungua mlango na kuufunga picha ni zilezile, tofauti ni kipi kimetangulia. Ndiyo maana watafiti Simonyan na Zisserman mwaka 2014 waliweka mikondo miwili kwenye modeli yao, mmoja wa picha na mmoja wa mwendo.

mwanafunzi_wa_data: Asanteni sana, nimerudi. Kwa trainlist01 imeshuka mpaka 71, imeniuma kwa kweli. Nikavuruga fremu, 70. Kwa hiyo mwendo haioni. Nihamie I3D, ile modeli ya video inayosoma fremu nyingi kwa pamoja?

Mama_Tensa: Hamia mwanangu, chukua iliyokwishafundishwa kwa Kinetics, seti kubwa ya video za vitendo, uimalizie kuifundisha kwa data yako. Ila usibebe zile fremu 16 za mwanzo, video za UCF101 ni fremu 25 kwa sekunde, yaani unaiangalia klipu kwa nusu sekunde na kidogo, mtu hata hajashuka chini akapanda pushapu moja. I3D ilifundishwa kwa fremu 64. Kama memori ya GPU haitoshi, ruka fremu moja moja, chukua 32, bado umeshika kipande kilekile.