Ushauri: mdogo wangu ana A- lakini hana "shughuli" za kujaza kwenye fomu

Kaka_Kisauni: Assalam aleikum wanabaraza. Mdogo wangu wa kike amepata A- KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na anataka kuomba vyuo vikubwa vya Marekani, wale wa kina Harvard wanaochukua kama watu 4 tu katika kila 100. Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi, ina nafasi 10 za shughuli za nje ya darasa. Huyu hajaongoza klabu, hajagusa piano. Jumamosi na likizo yuko soko la Kongowea na mama wakiuza viazi, yeye ndiye mshika daftari la madeni. Jamaa mmoja anataka tumlipe atutafutie vyeti vya kujitolea na kumwandikia insha. Mimi nasita.

BintiKibokoni: Mkimbieni huyo! Chuo kikigundua udanganyifu, nafasi hufutwa hata kama mtu ameshapokelewa. Na Kongowea ndiyo shughuli yenyewe. Fomu hiyo ina kundi la kazi na kundi la majukumu ya familia. Ila maelezo ni herufi 150 tu, kwa hiyo asiandike "namsaidia mama sokoni" akaishia hapo. Aseme kazi yenyewe: anaamua nani akopeshwe, anapigaje hesabu za gunia.

Changamwe1: Dada, mimi sikubali sana. Wenye alama nzuri na maisha magumu wako wengi mno. Soko peke yake halimtofautishi. Anapenda nini huyo msichana?

Kaka_Kisauni: Hesabu. Tangu kidato cha pili anaandika bei ya viazi kila siku ya soko, kisha anamwambia mama lini anunue kwa wingi. Sisi tulikuwa tunamcheka tu.

MwalimuMstaafu: Sasa umesema neno. Wanaosoma maombi humpima mtoto kwa mazingira yake. Shule hutuma maelezo yake, ina masomo gani na wanafunzi wa namna gani. Wanachotafuta ni mtu aliyechimba jambo moja bila kusukumwa, na daftari la bei ni ushahidi. Insha isizidi maneno 650, na tafadhali asilie umaskini humo, aeleze anavyofikiri. Barua ya kumpendekeza aiombe kwa mwalimu wa hesabu anayemjua, si kwa mkuu wa shule kwa sababu ya cheo. Ampelekee na daftari alione. Nimeandika barua nyingi za "ana nidhamu na bidii", na barua kama hiyo haimbebi mtu.

BintiKibokoni: Pesa pia, kaka. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humpokea mwanafunzi wa kigeni bila kutazama uwezo wa familia. Kwingi kwingine, kuomba msaada mkubwa kunapunguza nafasi yako. Ada ya maombi anaweza kuomba asamehewe. SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, aifanye, MIT na Harvard wameirudisha kuwa lazima. Maombi ya mapema mengi hufungwa 1 Novemba, ya kawaida mengi mwanzo wa Januari.

Changamwe1: Na KUCCPS, ile ya kupangiwa vyuo vya hapa Kenya, ajaze vilevile. Asiweke mayai yote Marekani.

Kaka_Kisauni: Shukran sana. Nimemsomea mama yote haya. Anauliza kama Wazungu watalisoma daftari la madeni, maana majirani wamo kwa majina.

MwalimuMstaafu: Mwambie la madeni libaki kibandani. Mwalimu aonyeshwe la bei tu.