Madizaina, mliwahi kuitwa kwenye mkakati wa biashara au mnaitwa kupamba tu? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu habari zenu. Mimi dizaina, mwaka wa tisa sasa, na kitu kinachoniuma ni kwamba tunaitwa mwishoni. Bei imeshapangwa, bidhaa imeshaamuliwa, ndo unapigiwa simu uje upendezeshe. Kuna kampuni niliwabadilishia apu yote, miezi minne, vitufe, rangi, aikoni, bosi akafurahi sana ila wateja wakaendelea kujitoa vilevile. Nikaomba nikae na dada wa huduma kwa wateja nisikilize simu zinazoingia, nusu siku tu, karibu kila anayepiga analalamikia makato asiyoyaelewa mwisho wa mwezi. Yaani shida ilikuwa kwenye namna kampuni inavyoingiza hela na mimi miezi yote hiyo nilikuwa napaka rangi ukuta wenye ufa. Siku hizi sishiki kazi kabla sijauliza hela inaingiaje hapa na mteja akiwaacha anakimbilia wapi. Wenzangu ilikuwaje?

#2
Mkuu umenigusa. Mimi niko kwenye vifungashio, na nashukuru niliwahi kuitwa mapema. Walitaka lebo mpya ya sabuni ya maji, nikauliza mnunuzi wenu ni nani hasa? Wa mauzo akasema mahoteli, wa masoko akasema familia, wakaanza kubishana mbele yangu, kikao cha lebo kikageuka kikao cha biashara yenyewe na wiki tatu nzima sijachora hata mstari. Mwisho wakaamua mahoteli, basi chupa ndogo ikafutwa, tukaenda na dumu la lita 20 lenye mpini unaoshikika vizuri hata mikono ikiwa imelowa, na maandishi makubwa ya kipimo cha kuchanganya na maji. Lebo ilikuja mwisho kabisa, nikaimaliza kwa siku mbili.

#3
Mimi sio dizaina, niko upande wa fedha. Samahanini ila nanyi mna lenu, mnakuja kuongelea hisia za mtumiaji wakati mimi natafuta gharama inashuka wapi. Aliyenibadilisha alikuja na karatasi moja tu, fomu ya usajili ina hatua 11, akaonyesha watu wanaachia ya ngapi na kila anayekwama anatupigia simu ngapi. Nilipitisha bajeti siku hiyohiyo.

#4
Naongezea. Danish Design Centre ya Denmaki mwaka 2001 walitoa ngazi yenye vidato vinne: kwanza kampuni isiyotumia dizaini kabisa, pili inayoitumia kwa muonekano, tatu dizaini ni namna ya kufanya kazi, nne imo ndani ya mkakati wenyewe. Niliichora kwenye karatasi nikampelekea mkurugenzi nikamwambia sisi tuko cha pili. Akaniuliza unataka nini ili tupande, nikasema kiti kwenye kikao cha kupanga bidhaa. Nina miezi miwili humo, mara nyingi nasikiliza tu, ila wiki iliyopita walisogeza mbele bidhaa mpya ili kwanza niende kuongea na wateja 10. Sikulala kwa furaha.

#1
#4 hongera sana mkuu. #3 hiyo karatasi, idadi ya simu wanazopiga wateja aliitoa wapi? Sisi wengi wetu hata ripoti za huduma kwa wateja hatuonyeshwi.