Bati jipya limeshaanza kutu pale lilipokatwa na grainda, kosa la bati au la fundi?

MwenyejiWete:
Assalamu alaykum jamani. Mie niko Wete, nimejenga kijumba changu si mbali na pwani, ukisimama barazani unayaona maji. Mwaka jana kabla ya masika nikaezeka, nikachukua bati za rangi zile za migongo mipana geji 28, sikutaka 30 wala 32 maana watu walishanitahadharisha kuwa kwa upepo na chumvi ya huku bati jembamba halikai. Fundi kaja na grainda yake ndogo ya inchi nne na nusu, bati zote akazikatia huko huko juu ya kenchi, moja moja, cheche zinaruka mpaka uwani kwa jirani, siku mbili kamaliza. Kwa macho kazi ilitoka safi nikamlipa chake chote.

Sasa juzi nimepanda kutoa majani ya muembe yaliyoziba gata naona vidoadoa vya kahawia vimetapakaa kama mtu kanyunyiza chai ya rangi. Vingi viko karibu na pale palipokatwa mshazari kwenye maungio ya paa, na ule ukingo wenyewe umefanya mstari mwekundu, rangi imeanza kubambuka. Nikapitisha kidole nikahisi mchanga mchanga, kumbe kila kidoa kina kichembe kigumu katikati, ukikikwangua kwa ukucha kinatoka na kinaacha alama nyeusi mfano wa tundu la sindano. Kidole changu kikabaki chekundu.

Nimempigia fundi kanambia bati lako feki. Nimekwenda kwa muuzaji kanambia bati langu zima kamuulize fundi wako alikatia nini. Mie nimebaki katikati na bati kumi na mbili za jiko la uani ziko ndani zinangoja kukatwa. Naomba mwenye kujua kwa kweli anambie, grainda inaharibu bati au ni maneno ya muuzaji kujitoa? Na kama inaharibu basi mtu akatie nini?

fundi_kenchi:
Waalaykum salaam kaka. Mie nnaezeka mwaka wa tisa huu hapa Unguja, Fuoni, Mwanakwerekwe, mpaka Chwaka huko nimefika na kazi zangu zote nakata na grainda, sijaitwa kurudi hata nyumba moja. Mkasi ukiupeleka kwenye bati la migongo mipana unailaza ile migongo, bati linakuja kama limekanyagwa na mteja anakulalamikia papo hapo, na ukikata bati thelathini kwa mkasi mkono unaota malengelenge jioni hushiki kijiko. Mie naona bati za siku hizi rangi nyepesi tu. Tuwekee picha tuone.

karakana_Fumba:
Fundi nakuheshimu, miaka tisa juu ya kenchi si mchezo, lakini hapa sikubaliani na wewe na ntaeleza kwa nini maana jambo hili linanikera sana, watu wanajinyima miaka wanunue bati halafu linaharibika siku ile ile linapowekwa.

Bati si chuma kitupu. Ndani kuna chuma chembamba, juu yake imepakwa zinki au mchanganyiko wa alumini na zinki, halafu ndo inakuja rangi. Kinachozuia kutu khasa ni ile zinki, rangi ni nguo tu. Sasa jiwe la grainda halikati bati kama kisu, linalisaga, na mashine ile ndogo inazunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, pale linapogusa panawaka moto. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, cheche zenyewe ni moto kuliko hapo kwa mbali, kwa hiyo ukingo ukishamaliza kukatwa umebaki chuma kitupu, na rangi ya pembeni imeungua ukiangalia kwa karibu utaona imefanya malengelenge. Huo ndo mstari mwekundu wa ndugu yetu wa Wete.

Vile vidoa ni jambo jengine, ni cheche. Kila cheche unayoiona inaruka ni kichembe cha chuma cha moto, kikitua juu ya bati kinajichomeka kwenye rangi na kinaganda humo. Usiku unashuka umande wenye chumvi, siku chache tu kishashika kutu. Mwanzo inayofanya kutu ni chembe yenyewe, bati bado zima, ndo maana kaka yangu ulipokwangua kikatoka. Lakini ukikiacha kinaitafuna rangi kinashuka mpaka kwenye zinki, mvua zinapita, mwisho bati linatoboka. Bara mbali na bahari jambo hili linachelewa kuonekana, huku kwetu kisiwani halichelewi. Na fundi kutoitwa kurudi si ushahidi, wenye nyumba wangapi wanapanda juu ya paa?

Mkasi ni tofauti. Unapokata unaiburuta zinki kidogo ikafunika ukingo, na ile zinki iliyobaki pembeni ina tabia ya kuliwa yenyewe kwanza kabla chuma hakijaliwa, kwa hiyo ukingo mwembamba wa bati unalindwa na jirani yake. Tazama bati lolote lilivyotoka kiwandani, ncha zake hazina rangi wala zinki na linakaa miaka. Limekatwa kwa makali, halikuunguzwa. Ukipita na grainda umemuua yule jirani.

Kuhusu migongo kulala ni kweli ikiwa una mkasi mmoja tu. Mikasi mizuri ya bati iko mitatu, wa mpini mwekundu unapinda kushoto, wa kijani unapinda kulia, wa njano unakwenda moja kwa moja. Kata kwa hatua fupi, usiufunge mdomo wa mkasi mpaka mwisho maana ncha ndo zinazoacha meno. Ukifika kwenye mgongo panda nao taratibu ukibadilisha wa kijani na mwekundu. Na kwa kazi nyingi kuna kichwa kinachofungwa kwenye drili ya kawaida, kinanyofoa bati vipande vidogo vidogo mfano wa mwezi mwandamo. Mie nilikijulia Muscat nilipokuwa nafanya kazi kwenye karakana, kinapita juu ya migongo bila kuilaza na cheche hakitoi hata moja. Ila vile vimwezi vifagie vyote usibakishe, vinachoma miguu na vikilala juu ya bati vinafanya kutu vile vile.

Grainda yenyewe haina ubaya, ni mashine nzuri mno kwa kazi yake. Nondo, mche wa mraba, geti, kusafisha weldi, siiachi. Wajerumani mpaka leo wanaiita Flex kwa jina la kampuni iliyotoa ya kwanza yenye mwendo mkali mwaka 1954, na waliitoa kwa kusagia na kukatia vyuma, si kwa ngozi nyembamba yenye nguo ya zinki.

fundi_kenchi:
Sawa mzee wangu nimekusoma yote. Sasa mie swali langu, mteja keshafika na bati, mkasi sina na hicho kichwa cha drili sina, grainda ninayo. Nifanye nini, nimrejeshe?

karakana_Fumba:
Ikiwa huna budi basi usikatie juu. Hilo ndo kubwa kuliko yote. Shuka chini, nenda mbali na bati nyengine, mbali na gari ya mtu pia maana cheche zinang'ang'ania hata kwenye kioo, weka bati juu ya mbao mbili uso wa rangi ukiangalia chini, tumia jiwe la kukatia chuma, lenye unene wa milimita moja na lisilochakaa, na simama cheche ziruke kwenda nje, si kwenye bati lenyewe. Ukimaliza futa pande zote mbili kwa brashi laini, kisha ukingo ule safisha upake rangi yenye zinki halafu rangi ya kufanana na bati, ukingo tu. Na viatu vyako kung'uta soli kabla hujapanda, unga wa chuma unapanda na wewe. Lakini hii ni dawa ya dharura, mkasi nunua.

BiMkubwa_Chake:
Wanangu mmesema ya bati, mie naomba niseme ya mwenye kuishika hiyo grainda. Mtoto wa dada yangu hapa Chake alikuwa akikata na mashine ndogo kama hizo, jiwe dogo likamwishia, akaona jiwe la inchi saba la kwa jirani akaona litamfaa. Halikuingia kwa sababu ya kile kifuniko cha chuma, akakifungua akakiweka kando. Jiwe la inchi saba limeandikwa mwisho mizunguko 8,500, mashine ndogo inakwenda elfu 11, mie haya nimekuja kuyajua baadae kwa kulisoma lile jiwe lenyewe lililobaki. Lilipasuka vipande vitatu. Kimoja kilikaa kwenye mlango wa mninga mpaka leo alama iko, kimoja hakijaonekana, kimoja kilimpitia juu ya nyusi, na chembe ikaingia jichoni. Akalifikicha. Hilo ndo kosa lililozidi, alilifikicha kwa shati, chembe ikakwaruza kioo cha jicho. Hospitali walimtoa kile kichembe siku ya pili na tayari kilishaacha duara la kutu jichoni, daktari akalikwangua kidogo kidogo. Alhamdulillahi anaona, lakini jua la mchana linamuumiza.

Nawaombeni msikitoe kile kifuniko. Vaeni miwani inayoziba mpaka pembeni. Likiingia jambo jichoni msifikiche, funikeni muende hospitali siku ile ile. Na someni jiwe, kwenye kile kipete cha chuma cha katikati pamegongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, yale mawe yameshikanishwa na gundi na gundi inazeeka, unyevunyevu wa visiwani ndo unaizeesha zaidi. Msiweke mawe sakafuni stoo.

kijana_Mkoani:
Bi mkubwa Mungu akuhifadhi kwa haya na mtoto amjaalie nafuu. Mie nna la kuuliza pembeni kidogo, kuna banda la zamani la marehemu babu limeezekwa zile karatasi ngumu za kijivu za asbesto, nataka nizikate nusu nizitumie kuzungushia kuku. Kwa hizo grainda inafaa maana mkasi hauingii?

karakana_Fumba:
Hapana mwanangu, hizo usizikate kwa grainda wala msumeno wala chochote. Vumbi la asbesto ni nyuzi ndogo hata macho hayazioni, zikiingia kifuani hazitoki na maradhi yake, pamoja na saratani ya mapafu, yanakuja baada ya miaka ishirini, thelathini. Maadam ziko nzima na zimetulia ziache zilipo, usizivunje usizisugue. Siku ya kuziteremsha uliza wanaohusika na mazingira wakwambie zinapelekwa wapi, na kuku wazungushie wavu.

MwenyejiWete:
Jamani nimerudi. Ahsanteni nyote, Bi Mkubwa nimemsomea mke wangu kwa sauti maneno yako. Jana baada ya laasiri nimepanda na ndoo ya maji, sabuni ya unga na brashi ya nailoni, nimesugua kipande cha ukubwa wa mlango mmoja tu kujaribu. Vidoa kama nusu vimetoka vyote, rangi chini yake nzima. Vilivyobaki vimeshazama. Nilitaka kupitisha ile waya ya kusugulia masufuria nikasita nikasema niulize kwanza. Na jambo jengine, fundi alipima kwa penseli, mistari ya penseli bado inaonekana, ina neno?

karakana_Fumba:
Vizuri ulivyosita. Ile waya ni chuma vile vile, inakatika vipande unarejea pale pale, na brashi ya waya nayo usiitie. Vilivyozama usivisugue, kimoja kimoja kitoe kwa kijiti cha mbao au ncha ya plastiki, futa, tia tone la rangi kwa brashi ndogo ya kuchorea. Ni kazi ya kukaa kitako lakini paa lako bado changa utaliokoa. Mstari mwekundu wa ukingoni usugue kwa kipande kidogo cha msasa hapo hapo tu usitoke nje, paka rangi ya zinki, ikauke, halafu rangi ya juu. Maliza kabla vuli haijaanza.

Penseli kwenye bati la rangi haina neno kubwa, lakini kwenye bati jeupe lisilo na rangi usikubali, ile risasi ya penseli ikipata unyevu inaila zinki na mstari unabaki umeandikwa kwa kutu. Mwambie fundi atumie kalamu ya wino ya kuandikia mabati.

MwenyejiWete:
Nimefahamu. Hapa Wete nimepata mkasi wa njano tu. Nna binamu yuko Unguja anapanda boti Jumamosi, nimemwambia apite Darajani aniangalilie wa kijani na mwekundu na aulizie hicho kichwa cha drili. Fundi wangu nae nimemsomea, kwanza alinuna, halafu kaniuliza cha drili kinakwenda na drili ya betri?

karakana_Fumba:
Kinakwenda bora betri iwe na nguvu na drili iwe na mwendo wa kasi. Atie tone la mafuta kwenye jino lake kabla ya kila bati, na ajaribie kwanza kwenye kipande kibovu mpaka mkono wake uzoee.

fundi_kenchi:
Kaka wa Wete binamu yako akikipata nambie na mie duka gani. Leo nimekata bati mbili kwa mkasi wa kulia na wa kushoto nilioazima, ya kwanza imelala mgongo mmoja, ya pili imetoka sawa.