Mada: Wageni wa shule Sengerema, maombi ya mmoja yamekwama

Mama Kulwa, Leeds
Wana-Mwanza, habari za huko mliko. Naombeni msaada wa haraka. Wazungu 9 wa kanisani kwetu wanakuja nami Sengerema kuona madarasa 2 na choo walivyochangia. Tunatua Mwanza tarehe 14 Juni. Wote wamejaza mtandaoni viza ya kawaida, ile ya dola 50. Wanane wamepata. Wa tisa ni bibi wa miaka 71, na kwenye sababu ya safari akaandika kwamba anakwenda kujitolea kupaka rangi darasa. Yake imelala wiki 3, jana ofisi ikamwandikia alete barua ya mwaliko na "kibali husika". Kibali kipi? Nimepiga simu nikaambiwa nitume barua pepe. Nimetuma barua pepe nikajibiwa nipige simu. Mtu wa kukaa shuleni siku 2 anatakiwa awe na viza gani hasa?

Baba Doto, Minneapolis
Pole sana dada. Huyo bibi kajichongea kwa ukweli wake. Mwombee CTA, kile kibali cha kazi ya muda mfupi, yaishe. Mimi nilipopeleka watu Misungwi tulifanya hivyo, hatukuulizwa kitu. Na mshukuru hiyo 50, sisi wa pasi ya Marekani ni 100 hata kama unakwenda kuangalia swala tu.

Ng'wana Busisi, Toronto
Baba Doto, usimpoteze mtu. CTA ilishafutwa zamani. Siku hizi ni viza ya biashara, dola 250, mwisho miezi 3.

Baba Doto, Minneapolis
Biashara ipi? Bibi wa miaka 71 ameshika brashi, anamuuzia nani?

Ng'wana Busisi, Toronto
Ni jina tu, kaka. Anayekuja kujitolea kwa muda mrefu anaombewa ukaazi Daraja C. Tusijibu kwa kumbukumbu za enzi za pantoni.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Hamjambo wanangu. Mimi nilisharudi nyumbani, nawasoma tu, ila hapa niseme. Mnachanganya mambo mawili. Viza inamwingiza mtu nchini, haimwingizi darasani. Shule ya msingi ni ya halmashauri, ipo chini ya TAMISEMI. Barua inakwenda kwa Mkurugenzi, anaishusha kwa Afisa Elimu Msingi, inafika kata, ndipo Mwalimu Mkuu anaipata. Wengi mnaanza na Mwalimu Mkuu kwa sababu mna namba yake ya WhatsApp. Mnamponza. Wageni wakishaondoka, anayeitwa kujieleza ni yeye.

Halafu hiyo rangi. Shule moja niliyofundisha, wageni walipaka ukuta wa darasa la tatu siku nzima, wakamalizia kwa kugonga viganja vyao vya rangi nyekundu na bluu, kila mtu na jina lake chini. Walipoondoka tukaagizwa rangi ya shule irudi ilivyokuwa. Nikatoa hela yangu, fundi akapita mara mbili, na bado jua likipiga viganja vinaonekana kwa chini. Hao hao walileta penseli 200. Watoto walikuwa 640. Nilikaa ofisini usiku na wembe nikikata kila penseli vipande vitatu, na bado 40 wakakosa.

Na tarehe 14 Juni shule zimefungwa.

Mama Kulwa, Leeds
Mwalimu, shikamoo. Mungu wangu. Tiketi zimeshakatwa, za kutorudishiwa fedha.

Baba Doto, Minneapolis
Si watoto waitwe siku moja tu?

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Marahaba mwanangu Mama Kulwa. Baba Doto, wanaitwa, na ndilo tatizo. Mtoto anaacha ng'ombe, anavaa sare, anakuja kusimama juani tangu saa mbili kusubiri gari linalofika saa sita, aimbe ngonjera, apigwe picha, arudi na njaa.

Mama Neema, Reading
Hapo kwenye picha asante Mwalimu. Huku wazazi wenyewe tunakatazwa kupiga picha watoto wa wenzetu shuleni, na anayejitolea kwa watoto anatakiwa DBS, cheti cha kukaguliwa rekodi ya uhalifu. Wakivuka maji hao hao wanawabeba watoto wa watu kwa ajili ya kalenda ya kanisa. Na pigeni hesabu: tiketi 9 ni matundu mangapi ya choo? Mwongozo unasema tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Hiyo shule ina mangapi?

Mama Kulwa, Leeds
Yalikuwa 6 kwa watoto 580, Mama Neema, ndiyo maana tukajenga. Wananchi walileta mawe na mchanga na kunyanyua boma, likasimama miaka 4 halina bati. Bati ni hela za hawa. Huyo bibi ameuza keki kila Jumapili kwa miaka 3, tiketi kajilipia kwa pensheni yake. Asiyeona hatoi mara ya pili, nawajua watu wangu. Picha nimekusikia, nitawaambia.

Ng'wana Busisi, Toronto
Waambie pia wasiogelee ziwani, hata maji yakiwa kimya namna gani. Kichocho hakijui mfadhili.

Ila mtavuka kwenye daraja la Kigongo-Busisi! Tangu lifunguliwe Juni 2025 sijafika nyumbani. Kilomita 3 juu ya maji, na mimi bado naota foleni ya Kigongo, wale akina mama wa samaki wa kukaanga kwenye beseni, unanunua kupitia dirishani, mafuta yanachuruzika hadi kiwikoni, honi ya pantoni inalia na chenji hujapewa. Sijui walihamia wapi.

Baba Doto, Minneapolis
Na mimi niliyezaliwa hospitali ya Sekou Toure hapo Mwanza nalipia viza kwenda kumzika baba yangu. Mzungu wa kupaka rangi na mimi foleni moja. Uraia pacha mpaka lini?

Ng'wana Busisi, Toronto
Kuna hadhi maalum kwa sisi wa asili ya Tanzania wenye pasi za nje.

Baba Doto, Minneapolis
Hadhi maalum haipigi kura.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Pasi ile mlikwenda kuiapia wenyewe, hamkusukumwa.

Mama Neema, Reading
Mwalimu, kwa heshima zote, hukuwahi kukaa miaka 11 bila kumwona mama yako kwa sababu ya karatasi. Tuliapa ili tuweze kurudi.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Hilo nimelipokea, mwanangu.

Mama Kulwa, Leeds
Jamani, narudia. Bibi aombe upya ya kawaida na kuandika matembezi, au alipe 250? Wanane waliopata wasishike brashi kabisa? Barua ya Mkurugenzi nimeanza kuiandika.

Baba Doto, Minneapolis
Dada, atakayeshika brashi asiseme kashika.

Ng'wana Busisi, Toronto
Hayo ndiyo yanayotuponza. Mama Kulwa, usimsikilize.

Mama Neema, Reading
Dada, kwani hiyo tarehe 14 mizigo yenu imejaa? Nina viatu vya mama namba 39 na miwani yake, havifiki kilo 2. Yuko Buzuruga, atatuma kijana kuvichukua. Na ukirudi, michembe kidogo tafadhali, vile viazi vitamu vya kukausha.