Mrejesho: Vitenzi vya Kiingereza kazini, nimefikia hapa

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliomba msaada: nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Dodoma, na vitenzi vya Kiingereza vilikuwa vinanikwamisha mbele ya wageni. Ahsanteni sana mliojibu.

Nilimfuata dada aliyesema niache kukariri orodha, kila zamu niandike sentensi tano za mambo yaliyotokea kweli kaunta. Mgeni akishuka na treni ya SGR kutoka Dar, naandika "He wants a quiet room." Kesho yake naigeuza: "He wanted a quiet room." Daftari limejaa nusu sasa.

Ila kilichonifungua kabisa ni maelezo ya yule mwalimu aliyenijibu humu, kwamba "did" imeshabeba ile "li" yetu ya wakati uliopita, kwa hiyo kitenzi kinachofuata hakibebi tena. Miaka yote nilikuwa nasema "Did he left the key?" Sasa "Did he leave the key?" inatoka yenyewe. Na "does" vilevile, imeshaichukua "s": "Does she want tea?"

Ambacho bado hakijakaa ni "has left". Juzi niliandika kwenye kitabu cha zamu "He has left yesterday", meneja akaizungushia wino mwekundu. Kumbe ukishataja jana, ni "He left yesterday" tu, kama sisi tunavyosema aliondoka jana.

Ushauri wa kusikiliza redio sikuufuata, zamu za usiku zimenibana. Mwalimu, Mungu akubariki sana.